Ukitaka historia ya mtaa wako, anza na vyumba

Mimi nilianza vibaya. Nilikaa na Bibi barazani Mbagala, nikawasha simu kurekodi, nikamwambia: "Bibi, hebu nieleze historia ya Kariakoo." Akanitazama. "Si umesoma wewe? Kamuulize mwalimu wako."

Kesho yake nikaenda na karatasi. Nikachora nyumba yetu ya Mtaa wa Narung'ombe: baraza, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani, jiko, choo. Nikaweka kidole kwenye chumba cha mwisho kulia. "Hapa alilala nani?" Alizungumza mpaka adhana ya Isha.

Basi na wewe chora nyumba, uulize chumba kwa chumba. Sisi Wazaramo wenye nyumba tulikaa viwili vya mbele. Nyuma yetu fundi cherehani wa Kinyamwezi, kisha kuli wa bandarini, Mmanyema, na mkewe. Mawese ya mama yule yakishika moto, uani kote watu wanajua leo kwake kuna nini. Usiandike "Kariakoo ilikuwa na makabila mengi", andika mawese. Andika na kodi ilivyodaiwa: Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo kila mwezi usiolipwa alipiga mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa mdaiwa. Akilipa, unafutwa kwa kitambaa kibichi mbele yake.

Miaka usiulize. Wazee wanashika matukio, kwa hiyo uliza "kabla au baada ya". Vigingi vyangu vilikuwa hivi: Waingereza kuiteka Dar es Salaam 1916, na kambi ya wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, iliyotuachia jina la Kariakoo, TANU kuzaliwa 1954, majumba kutaifishwa 1971, soko jipya alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, lile lenye shimoni, 1975, Mzee Mwinyi kushika nchi 1985, mitumba ikamwagika. Mjomba wangu mmoja anaapa babu yake alijenga "Kariakoo" enzi za Mjerumani. Kiwanja, labda. Jina lilikuwa bado. Mzee wa namna hiyo usimbishie mbele za watu, weka alama ya kuuliza pembeni uendelee.

Jifunze pia majina ya zamani ya barabara. Nilipoteza wiki nzima nikitafuta Kichwele kwenye ramani ya simu, kumbe ndiyo Uhuru. New Street ni Lumumba.

Kisha omba kufunguliwa sanduku la bati. Risiti za kodi ya ardhi na barua ya toleo, ile ya kupewa kiwanja, zina faida, lakini karatasi inayosema kweli ni ya mirathi. Yetu ina warithi tisa kwa kiwanja kimoja. Ukiisoma huulizi tena kwa nini nyumba ilivunjwa. Tulimpa mjenzi kiwanja apandishe ghorofa, tukaahidiwa fleti mbili. Tukapata moja, juu kabisa, lifti haipandi. Bibi akasema miguu yake si ya mbuzi, akahamia Mbagala. Hapo naishia, nisije nikachafua karatasi.

Waliohama usiwafuate mmoja mmoja, nauli itakumaliza. Wako Tandika, Buguruni, wengine Chanika huko. Subiri msiba. Akifa mtu wa Narung'ombe wote wanakuja, na jamvi moja litakupa nyumba nne. Ila kabla ya kuzika usithubutu kutoa kalamu. Ngoja watu wale, wapoe, mmoja aanze mwenyewe "unamkumbuka yule..."

La mwisho, rudi mtaani usiku. Mchana utaona wateja wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni wakifunga marobota, utadhani mtaa umejaa watu. Nenda saa nne, uhesabu madirisha yenye taa. Kwenye ghorofa letu niliyaona matatu. Kwingine kote ni stoo za viatu, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki pale ilipokuwa baraza yetu. Kijana wa Lindi. Nikamtolea karatasi tupu, nikamwuliza yeye analala wapi. Akachukua kalamu, akachora chumba kimoja kule mtaani Kigogo: magodoro mawili, watu wanne, wawili wanalala mchana.