Jinsi ya kuomba fedha na ubia wa serikali kwa ajili ya nyumba za jamii

Mwongozo huu unawahusu wanachama wa vyama vya ushirika wa nyumba, jumuiya za wapangaji na taasisi zisizogawana faida, ambao wana kiwanja au wameahidiwa kiwanja, na wanataka serikali iweke fedha katika ujenzi wa nyumba za watu wa kipato cha chini. Nilikuwa katibu wa chama cha namna hiyo tangu tangazo la mwaliko lilipotoka hadi mkataba uliposainiwa, na ombi letu la kwanza lilikataliwa kwa sababu ambayo tungeiondoa mapema kama tungeijua. Majina ya fomu na ofisi hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini maswali ambayo wagawaji wa fedha hizi huuliza yanafanana sana. Sitaeleza namna ya kujaza jina la chama na anwani. Nitakaa zaidi kwenye ardhi na kwenye utaratibu wa malipo, kwa sababu huko ndiko sisi tulikopotezea miezi na akiba.

Hatua ya kwanza: fahamuni ni fedha ya aina gani

Neno "ufadhili" katika tangazo linaweza kumaanisha ruzuku isiyorudishwa, mkopo wa riba nafuu, ardhi ya umma inayokodishwa kwa miaka mingi, dhamana ya serikali kwa benki, au malipo yanayoanza nyumba zikishakamilika. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama chama chenu kinaweza kujenga au hakiwezi. Nchini Australia, kwa mfano, mfuko wa nyumba ulioanzishwa mwaka 2023 kwa mtaji wa dola bilioni 10 za nchi hiyo hutoa, pamoja na mikopo nafuu, malipo ya awamu ambayo yanaweza kuendelea kwa hadi miaka 25 kwa nyumba ambazo tayari zinapatikana kwa wapangaji. Malipo ya aina hiyo huziba pengo kati ya kodi ndogo ya pango na gharama halisi, lakini hayanunui saruji wala kumlipa fundi. Nchini Thailand, mpango wa Baan Mankong ulioanza mwaka 2003 hupeleka ruzuku ya miundombinu na mkopo wa ardhi na nyumba kwa jumuiya yenyewe, nayo ndiyo inayopanga na kusimamia kazi. Nchini Denmark, wapangaji wa nyumba zisizo za faida huchangia asilimia 2 ya gharama za ujenzi, halmashauri huweka mkopo wa msingi, na sehemu kubwa iliyobaki hutokana na mkopo wa rehani.

Angalieni pia nyumba hizo zimekusudiwa nani. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya Kenya ya mwaka 2024 inaitambua nyumba ya jamii kuwa ile inayolengwa kwa mtu mwenye kipato cha mwezi kilicho chini ya shilingi 20,000, na anayezidi hapo huingia katika kundi lingine lenye masharti mengine. Programu nyingi duniani zina mipaka ya namna hiyo. Fanyeni orodha ya kaya zenu na vipato vyake kabla ya kuandika neno lolote la andiko, kwa kuwa chama ambacho nusu ya wanachama wake wanazidi kiwango kitalazimika ama kubadili mradi au kutafuta dirisha jingine la fedha.

Hatua ya pili: usajili na sifa za chama

Hapa sitakawia. Fedha ya umma hupewa chombo chenye nafsi ya kisheria, kwa hiyo kundi lisilosajiliwa halina mlango wa kuingilia. Hata hivyo cheti cha usajili pekee mara nyingi hakitoshi. Nchini Afrika Kusini, chini ya sheria ya nyumba za jamii ya mwaka 2008, taasisi inapaswa kuthibitishwa na mamlaka inayosimamia sekta hiyo, na nchi nyingine zina daftari maalumu la watoaji wa nyumba za jamii. Uthibitisho huo hufanyika kabla ya maombi ya fedha na huchukua muda wake, hivyo uanzeni hata kama tangazo halijatoka. Andaeni hesabu zilizokaguliwa, masharti ya chama yanayokataza kugawana faida, na mihtasari ya vikao yenye sahihi. Kama mjumbe wa kamati ana undugu na mkandarasi au muuza kiwanja, mtajeni kwa maandishi mapema. Jambo hilo likigunduliwa na mkaguzi baadaye, litaonekana kuwa lilifichwa hata kama hamkuwa na nia hiyo.

Hatua ya tatu: ardhi

Kiwanja chetu kilinunuliwa kwa michango ya wanachama miaka mingi kabla ya chama kusajiliwa, na kwa kuwa chama hakikuwepo kisheria wakati huo, hati iliandikwa kwa majina ya wazee watatu tuliowaamini. Walistahili imani hiyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kudai kwamba ardhi ni yake. Lakini mmoja alifariki, na sisi tulidhani kwamba muhtasari wa kikao unaosema kiwanja ni cha chama ungetosha. Haukutosha, na hiyo ndiyo sababu ombi letu la kwanza lilikataliwa. Kwa mtazamo wa msajili wa ardhi, theluthi ya kiwanja ilikuwa ni mali ya marehemu, na isingeweza kuhamishwa hadi mirathi ifunguliwe, msimamizi ateuliwe, na msimamizi huyo atie sahihi. Warithi walikuwa wanne, mmoja akiishi nchi nyingine, na wote walikuwa watu wema walioheshimu neno la mzazi wao. Pamoja na wema wote huo tulitumia miezi kumi na minne, ada za wakili, na vikao vingi vya familia ambavyo viliamsha huzuni isiyokuwa na sababu ya kuamshwa. Dirisha la maombi lilifungwa tukiwa bado tunasubiri tarehe ya mahakama.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa msanifu majengo hata senti moja, nendeni katika ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi rasmi, na someni majibu yake neno kwa neno. Hakikisheni kwamba mmiliki aliyeandikwa ni chama chenyewe kwa jina lile lile lililo katika cheti cha usajili, kwa sababu hata neno moja la ziada hufanya mchambuzi wa maombi aone vyombo viwili tofauti. Angalieni kama kuna rehani, zuio au pingamizi la mtu yeyote, kama eneo lililoandikwa linalingana na vipimo vya uwanjani, na kama matumizi yaliyoidhinishwa ni ya makazi. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kutoka halmashauri, hesabuni miaka iliyobaki, kwa kuwa mkopeshaji hatakubali mkopo wa miaka mingi juu ya upangishaji unaokaribia kwisha. Barua ya kiongozi inayosema kwamba kiwanja "kitatolewa" ni ahadi tu, na programu nyingi haziipi alama yoyote.

Kama ardhi yenu iko mikononi mwa watu binafsi kwa nia njema, kama ilivyokuwa yetu, ihamisheni sasa wakati wote wako hai na wana afya. Msione haya kuwaambia wazee hao jambo hili. Wetu wawili waliobaki ndio waliotuhimiza zaidi, na walisikitika kwamba hatukuwaambia mapema.

Hatua ya nne: mshirika

Programu nyingi huwapa kipaumbele waombaji wenye mshirika, ama mjenzi wa kibiashara, halmashauri, au taasisi kubwa ya nyumba yenye uzoefu. Mshirika mzuri huleta mtaji, wahandisi na rekodi ya kazi zilizokamilika, mambo ambayo chama kipya hakina. Hata hivyo, makubaliano ya awali mnayotia sahihi ili tu kukamilisha ombi ndiyo yatakayoongoza mradi kwa miaka mingi. Ulizeni maswali haya na majibu yake yaandikwe: ardhi inabaki kwa jina la nani wakati wa ujenzi, gharama zikizidi makadirio, nani anabeba ziada, nani ana kura ya mwisho juu ya kodi ya pango, na mshirika akifilisika, mradi unarudi kwa nani. Sisi tulipewa rasimu ambayo ingeruhusu kiwanja kuwekwa rehani kwa mradi mwingine wa mshirika, nayo ilikuwa imewekwa katika kiambatisho. Wakili aliyeiona alituokolea mara nyingi zaidi ya ada yake kwa siku hiyo moja.

Mchango wenu wenyewe utahesabiwa pia, na si lazima uwe fedha taslimu. Uruguay imekuwa na sheria ya ushirika wa nyumba tangu mwaka 1968, na katika vyama vyake vya kusaidiana, kazi ya mikono ya familia wakati wa ujenzi huhesabiwa kama mchango wao. Ikiwa tangazo linakubali ardhi au nguvukazi kuwa mchango, ombeni mthamini aipe thamani kwa maandishi, kwa sababu makadirio yenu wenyewe hayatapokelewa.

Hatua ya tano: bajeti na ratiba ya malipo

Nawasihi msome ratiba ya malipo kabla ya sehemu nyingine yoyote ya tangazo. Watu wengi huamini, kama tulivyoamini, kwamba ombi likikubaliwa fedha huingia kwenye akaunti ya chama na ujenzi huanza. Kwa kawaida mambo huenda kinyume cha hapo: mkandarasi hufanya kazi, mhandisi au mkadiriaji majenzi hupima na kutoa hati ya malipo, hati hiyo huhakikiwa na ofisi ya serikali, kisha fedha hutolewa. Nchini Uingereza, ruzuku za nyumba kwa muda mrefu zimelipwa kwa vituo kama vile ununuzi wa ardhi, kuanza kwa ujenzi na kukamilika kwa nyumba. Kati ya kituo na kituo, mafundi wanataka ujira na muuza nondo anataka malipo yake, na chama ndicho kinachopaswa kuwa na fedha hizo.

Tengenezeni jedwali la mtiririko wa fedha la mwezi kwa mwezi, mkionesha nini kinatoka, nini kinaingia, na pengo ni kiasi gani katika mwezi mbaya zaidi. Kisha chukulieni kwamba kila malipo ya serikali yatachelewa kwa siku 60 zaidi ya ilivyoandikwa, mkahesabu upya. Pengo linaloonekana hapo ndilo mnalopaswa kulitafutia mkopo wa muda mfupi, na riba ya mkopo huo iingizwe katika bajeti tangu mwanzo. Sisi hatukuiingiza. Ilibidi tuilipe kutoka akiba iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya uzio na mifereji ya maji ya mvua, na hadi leo wakazi wa nyumba za upande wa bondeni wanaumia mvua zinaponyesha. Kila ninapopita huko naona matokeo ya mstari mmoja uliokosekana katika jedwali letu.

Kumbukeni pia kwamba sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, na kwamba bei zilizomo katika makadirio huwa na muda wake wa kutumika. Makadirio yaliyoandaliwa mwanzoni mwa mwaka hayatakuwa ya kweli mradi utakapoidhinishwa mwaka unaofuata. Wekeni fungu la dharura na lielezeni kwa hoja, kwani mchambuzi huliamini fungu lililoelezwa kuliko bajeti isiyo na fungu hilo.

Hatua ya sita: kuwasilisha na kuhojiwa

Pakieni nyaraka siku kadhaa kabla ya mwisho wa muda, na tunzeni stakabadhi ya mapokezi, kwa sababu siku ya mwisho mfumo hulemewa na hakuna atakayeongeza saa kwa ajili yenu. Majina ya faili yafuate orodha ya tangazo. Wachambuzi wakija kutembelea eneo, wapokelewe na mweka hazina na baadhi ya wapangaji watarajiwa, pamoja na mwenyekiti. Swali lililotupa shida zaidi lilikuwa dogo: mpangaji akishindwa kulipa kodi kwa miezi mitatu kwa sababu ya ugonjwa, mtafanya nini? Mwenyekiti alijibu kwa moyo wa huruma na mweka hazina alijibu kwa hesabu, na majibu yao yakapingana mbele ya wageni. Kubalianeni juu ya sera hiyo na iandikeni kabla hawajafika.

Hatua ya saba: mkataba

Ombi likikubaliwa mtapewa mkataba wenye masharti yanayodumu kuliko kamati iliyopo. Nchini Marekani, nyumba zilizojengwa kwa unafuu wa kodi ya mapato ulioanzishwa mwaka 1986 hubaki chini ya mipaka ya kodi ya pango kwa angalau miaka 30 kwa miradi ya baada ya mwaka 1989, na nchi nyingine nyingi huandika sharti la matumizi juu ya hati ya kiwanja yenyewe. Someni ni miaka mingapi, ni matendo gani yanaweza kufanya ruzuku idaiwe irudishwe, na kama kodi inaweza kupandishwa kufuata gharama za matengenezo. Ombeni muda wa kuusoma mkataba huo katika mkutano mkuu wa wanachama, kifungu kwa kifungu. Tulipoomba tulipewa siku ishirini na moja bila ubishi, na mwanachama mmoja, fundi bomba ambaye hajawahi kukaa katika kamati, ndiye aliyegundua kwamba matengenezo ya bomba kuu la maji taka hayakuwa yamepangiwa mtu yeyote. Kifungu hicho kilirekebishwa kabla ya kutia sahihi.