Kabla ya kukaza kusine, jua shafti inalalia upande gani

Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, alinipigia simu asubuhi, mvua inanyesha. "Papa Fundi, masini iko inagonga. Ule wa kwanza alikaza, akakaza tena, na iko inagonga tu." Nikamuuliza inagonga ikiwa tupu, ao mpaka iwe na mahindi. "Yote mbili. Lakini na mahindi ni mubaya zaidi." Nikatia saa yenye sindano ya kupimia mchezo mdogo wa shafti, tunayoiita komparatere, ndani ya mfuko, nikapanda pikipiki.

Nimekuwa ajusteri, fundi wa kulinganisha vipande vya mashine, hapa Lubumbashi tangu 1991, na kosa ninaloitwa kurekebisha mara nyingi kuliko yote ndilo hilo: mtu amekaza kabla ya kujua nini kimechakaa na kimechakaa upande gani. Basi nitaeleza namna ninavyofanya mimi.

Kwanza majina. Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanasema bushi. Sisi Kifaransa kimetuachia kusine, palie na ekuru (nati ya bolti), nami nitaandika hivyo. Kusine ninayoisemea ni vipande viwili vya bronzi vinavyoshika shafti inayozunguka, kila kimoja kimechongwa nusu duara. Kimoja kimelala ndani ya palie, ile nyumba ya chuma iliyofungwa kwenye msingi, na kingine kimebebwa na kofia inayokazwa kwa bolti. Pale midomo ya vipande hivyo inapokutana kuna vibati vyembamba vilivyopangwa kama karatasi, idadi sawa kila upande. Mafundi wa hapa wanaviita kale. Kijana anayejifunza kwangu aliniuliza siku ya kwanza kama ni vitu vya zamani.

Rulema ya kawaida, ile beringi ya gololi, ikichakaa unaitupa. Kusine ya namna hii ikichakaa unatoa kibati kila upande, kofia inashuka, shafti inashikwa tena, na kazi inaendelea kwa pesa ya mafuta tu. Bronzi yenyewe ni shaba na bati, na kwetu Katanga shaba ilianza kuyeyushwa mjini hapa 1911, bati linachimbwa Manono, kwa hiyo mtu angetegemea kusine iwe rahisi kama chumvi. Si rahisi. Ndiyo maana vibati vina thamani.

Uchakavu una upande

Shafti haili kusine kwa usawa kuzunguka. Inakula pale inapolalia. Ikiwa mzigo ni uzito, kama gurudumu zito lililoning'inia, italika sehemu ya chini. Ikiwa mkanda unavuta kwenda juu, italika kofia. Na ikiwa injini imekaa pembeni kwa urefu uleule, mkanda unavuta kwa ulalo, basi bronzi italika ubavuni, palepale midomo inapokutana.

Sasa fikiri: kutoa vibati kunasogeza kofia chini. Hakusogezi kitu chochote ubavuni. Ukitoa vibati wakati uchakavu uko ubavuni, unabana juu na chini huku pembeni pakibaki wazi. Tundu linakuwa kama yai lililolala. Shafti itapata joto juu, na itaendelea kugonga pembeni.

Ndivyo ilivyokuwa Katuba. Nilizima injini, nikatoa mkanda, na manivela, ule mkono wa kuwashia injini, nikaiweka ndani ya mfuko wangu, maana kwenye kinu kuna watoto wengi na kila mmoja anajua kuwasha. Mkanda lazima utoke: ukibaki unavuta shafti upande mmoja, na kipimo kinakudanganya. Nikabandika sumaku ya komparatere kwenye palie, ncha ya sindano ikaguse shafti kwa juu, nikainua shafti kwa ubao mgumu. Sindano ilisogea 0.04 ya milimita. Nikahamisha saa, ncha ikaguse shafti kwa ubavu, nikasukuma kwa ubao uleule kuelekea injini, kisha nikarudisha. 0.40.

Fundi wa kwanza alikuwa ametoa vibati vyote. Vilikuwa sakafuni, vimekanyagwa.

Kwa kusine kama hiyo hakuna dawa ya vibati. Bronzi imekwisha ubavuni na huwezi kuirudisha kwa kukaza. Tulichonga kusine mpya, lakini kuirudisha palepale kungekuwa kungoja ugonjwa uleule. Kwa hiyo tulihamisha palie, tukaifunga kwenye nguzo ya chuma iliyosimama upande wa injini, kiti cha palie kikiegemea nguzo na kofia ikitazama upande wa pili. Sasa mkanda unavuta shafti ndani ya kiti, katikati ya nusu duara, na siku itakapochakaa, kutoa kibati kutaisogeza kofia kwenye mstari uleule. Shafti itakuwa imesogea kidogo sana kuelekea injini, mkanda utalegea kidogo, nao una kikazio chake.

Kitu kimoja karibu kinipite. Tundu la mafuta lilikuwa juu ya kofia, na kofia sasa imelala ubavu. Mafuta hayapandi ukuta. Tukatoboa tundu jipya mahali ambapo sasa ni juu, karibu na mdomo, nje ya sehemu inayobeba mzigo. Usitoboe wala kuchonga mfereji wa mafuta katikati ya sehemu inayobeba: mafuta yanayoiinua shafti yatakimbilia humo, na chuma kitagusa bronzi.

Mashine kubwa za zamani, zile za mvuke zilizosukumwa kwa ulalo, ziliitatua shida hii kwa kusine ya vipande vinne. Vya ubavuni vilikaa mbele ya kabari, na ukikaza bolti ya kabari kipande kinasogea kuelekea shafti. Ukiikuta mashine ya namna hiyo usiibadilishe, hata kama mtu anakuambia ni ya kizamani.

Kupima kwa waya wa kulehemu

Kusine ya pili ya kinu kilekile, ile iliyo karibu na gurudumu zito, ilikuwa imelika chini. Hiyo ndiyo ya vibati.

Fungua kofia, futa kila kitu. Kabla ya kufikiria vibati, pima shafti yenyewe kwa mikromita, mara mbili mahali palepale: mara ya kwanza kwa wima, mara ya pili kwa ulalo. Ikiwa shafti yenyewe imekuwa yai, acha. Ukirekebisha kwa upande mwembamba, upande mnene ukifika utabana. Mpaka wangu ni huu: tofauti ikipita nusu ya nafasi ninayoitaka kati ya shafti na kusine, shafti inakwenda turu, mashine ya kuchonga chuma kikizunguka, kusafishwa kwanza, na mwenye mashine akasirike.

Nafasi gani? Kanuni ya karakana ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shafti. Shafti ya milimita 60 inataka 0.06, ya 50 inataka 0.05. Kwa kinu cha kijijini chenye vumbi na mafuta ya kubahatisha mimi naongeza kidogo, 0.07 au 0.08 kwa ile ya 60. Nafasi hiyo si uzembe, ni nyumba ya mafuta.

Kupata kipimo, chukua waya laini wa kulehemu redio. Kata kipande kama urefu wa kidole, kilaze juu ya shafti kufuata urefu wake, rudisha kofia na vibati vyake vyote, kaza bolti mpaka mwisho. Usizungushe shafti. Fungua. Waya utakuwa umelala bapa kama utepe. Pima unene wake kwa mikromita sehemu tatu. Siku ile nilipata 0.22, 0.22 na 0.21. Nilitaka 0.07, basi cha kutoa ni 0.15: kibati cha 0.10 na cha 0.05 kutoka kila upande. Kila upande, narudia, sawa kwa sawa, la sivyo kofia inakaa kombo na inabana shafti kwa mdomo mmoja. Kisha waya mpya, kaza tena, fungua, pima: 0.07. Hapo ndipo nilipokunywa chai.

Kuhusu kukaza. Nilipokuwa na mwaka mmoja tu kazini, nilipewa shafti ya msumeno wa mbao iliyokuwa inacheza. Nikatoa vibati vyote, nikakaza mpaka shafti ikagoma kuzunguka, kisha nikarudisha ekuru robo duru mpaka ikazunguka vizuri kwa mkono. Nilijiona fundi. Kabla ya saa sita mchana moshi ulitoka, shafti ikashika, mkanda ukaruka, na tulipofungua, bronzi ilikuwa imebandika juu ya shafti kama siagi juu ya mkate. Muzee aliyenifundisha hakupiga kelele. Alichukua bolti moja akaizungusha kwa vidole viwili tu. "Hii ndiyo iliyokuwa inashika kofia yako?" Nafasi inawekwa na vibati, bolti kazi yake ni kubana. Bolti iliyoachwa legevu itajizungusha yenyewe kwa mtikisiko, kwenda upande inaoutaka. Kama vibati havipo, vitengeneze kwa bati la shaba. Kopo la soda lina unene wa karibu 0.10 nalo litakuvusha siku mbili tatu, lakini alumini hujikunyata, usiliache humo.

Baada ya kutoa vibati tundu halitakuwa duara kamili tena, kwa hiyo lazima ukwangue. Mimi nachanganya masizi ya taa na tone la mafuta, napaka shafti utando mwembamba sana, nairudisha, naizungusha kidogo, naitoa. Palipogusa kwa nguvu patakuwa na alama. Nakwangua alama hizo tu, kwa tupa ya pembetatu niliyoisaga meno yake na kuinoa. Kwangua kama unamnyoa mtoto mchanga. Rudia mpaka alama zitawanyike sehemu kubwa ya chini, badala ya mistari miwili mikali karibu na midomo. Ile mistari miwili ndiyo inayobana. Kazi hii ilinichukua alasiri nzima na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Ukifungua mashine ya zamani ukakuta ndani ya kusine madini meupe, laini, yanayokwaruzika kwa ncha ya kisu, hiyo si risasi ya kutupa. Ni mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, ambao Isaac Babbitt wa Marekani aliubuni 1839. Ulaini wake ni faida: punje ya mchanga inazama humo badala ya kuchana shafti. Hukwanguliwa kwa njia ileile, ila mkono uwe mwepesi zaidi.

Turu, na rulema za koni

Kwenye turu kadhaa za zamani kusine ya mbele ni bomba moja la bronzi, ndani limenyooka, nje ni koni, limepasuliwa upande mmoja, na lina ekuru kila mwisho. Legeza kwanza ekuru ya upande mnene, kisha kaza ya upande mwembamba. Koni inavutwa ndani, mpasuko unafumba, tundu linapungua. Piga hesabu kabla ya kugusa. Kwenye turu yangu uzi unasogea milimita 1.5 kwa duru na koni ni 1 kwa 20, basi robo duru inasogeza 0.375 na kupunguza tundu kwa karibu 0.019. Robo duru ni nyingi. Mimi naenda kwa nusu ya robo, na kila mara narudi kwenye saa.

Rulema za koni, kama zile Henry Timken alizopatia hataza 1898, pia zinarekebishwa. Kaza ekuru huku unazungusha gurudumu ili roli zikae mahali pake, kisha rudisha mpaka ubakie mchezo mdogo sana unaousikia kwa shida, na ufunge kwa pini. Usikaze bila kuzungusha.

Kuwasha

Katuba tuliwasha bila mkanda wa kinu, kisha na mkanda bila mahindi, nusu saa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kila palie baada ya kila dakika tano. Ikipanda joto kisha ikatulia mahali ambapo bado unaweza kuacha kiganja, ni sawa. Ikizidi kupanda, zima na ongeza kibati cha 0.05 kila upande. Usimwage maji: kusine itanywea juu ya shafti yenye moto na kuishika.

Mahindi ya kwanza yaliingia jua likizama. Mama alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Hakusema lolote, aliita tu mteja wa kwanza alete ndoo yake.

Vile vibati vya 0.15 vilivyotoka nilivisafisha, nikavifunga kwa waya kwenye mguu wa palie. Mama akauliza: "Papa, hii takataka unaacha hapo?" Nikamwambia siku kusine mpya itakapowekwa, fundi atakayekuja atavitafuta.