Somo: Kucheza ukiwa na chipu nyingi kwenye mashindano makubwa ya poka

Wengi wakishapata rundo la chipu huanza kufuata kila dau kwa sababu tu wanazo. Hapo ndipo zinapoyeyuka. Faida ya rundo ni kwamba unaweza kumtoa mwenzako mashindanoni na yeye hawezi kukutoa. Anayenufaika nayo ni anayeongeza dau, si anayefuata.

Hatua ya 1. Hesabu chipu za wengine. Mwenye chini ya madau makubwa 10 (dau kubwa ni lile la juu kati ya madau mawili ya lazima ya kila mchezo) usimtishe kwa karata mbovu, ataweka zote. Wabane wenye madau makubwa 20 hadi 40, hao wana cha kupoteza.

Hatua ya 2. Malipo yakikaribia, ongeza mara nyingi zaidi. Kiingilio cha Main Event, shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, ni dola 10,000. Aliyecheza siku kadhaa hataki kutoka mikono mitupu, hivyo hutupa hata rea na kumi. Tuseme madau ya lazima ni 1,000 na 2,000, na anti (mchango mwingine wa lazima wa mezani) 2,000. Mezani pana 5,000. Ukiongeza hadi 4,000, wakitupa wote mara 45 katika 100 umeshapata faida, karata zako ziwe zozote. Jamie Gold alitwaa taji hilo mwaka 2006 kati ya wachezaji 8,773 kwa kuwabana wenzake hivi hivi, akalipwa dola milioni 12.

Hatua ya 3. Mkwepe mwenye rundo kama lako, labda uwe na karata kali kweli.

MASWALI

*Mkuu, nikiongeza hadi 4,000 na mwenye 16,000 akaweka zote, nifuate?*
Piga hesabu, ndugu. Kama hakuwa ameweka dau la lazima, unalipa 12,000 kugombea 25,000. Unahitaji kushinda kama mara 33 katika 100. Ghulamu na kumi za shupaza, fuata. Saba na mbili, tupa.

*Wakigundua nawabana?*
Wataanza kukurudishia. Tulia mizunguko kadhaa, ongeza ukiwa na karata nzuri tu. Watakulipa wakidhani bado unatisha.

*Mbinu hii inafaa meza ya pesa taslimu?*
Haifai. Pale aliyeishiwa hununua chipu nyingine na kuendelea, kwa hiyo hofu ya kutolewa haipo.