Kabla hujafungua kesi, kaa chini uhesabu siku

Watu wengi ninaowaona wakitoka mahakamani wameinamisha vichwa hawakushindwa kwa sababu sheria ni ngumu. Walichelewa, au walikwenda mahakama isiyo yao, au walibeba karatasi isiyopokeleka. Kama una shauri Tanzania Bara (Zanzibar wana mahakama zao na sheria zao), soma haya kabla hujatafuta nauli.

Jua mlango wako. Mgogoro wa ardhi hauendi Mahakama ya Mwanzo. Unaanzia Baraza la Kata, na tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila wao kuwapatanisha, unaweza kuendelea hata bila hati. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Unataka kuishtaki serikali, hata kama ni halmashauri tu? Notisi ya siku 90 kwanza. Ukikosea mlango shauri linaondolewa bila mtu kuuliza nani ana haki, na unaanza upya.

Angalia umri wa dai lako. Dai la mkataba lina miaka 6, la madhara aliyokufanyia mtu lina 3, la ardhi lina 12. Usikae unamngoja mdeni "ajirudi" mpaka muda ukatike. Akikiri deni kwa maandishi na saini yake, hesabu inaanza upya, kwa hiyo ule ujanja wa kumwandikisha karatasi kila anapoomba aongezewe siku si ukorofi. Mwandikishe.

Nyaraka: beba zile zenyewe, si fotokopi peke yake. Na kama ni mkataba, angalia umelipiwa ushuru wa stempu. Usipolipiwa, upande wa pili watasimama kuupinga na hautapokelewa hadi ushuru na faini yake vilipwe. Kumbuka pia kwamba karatasi uliyoambatisha kwenye hati ya madai bado si ushahidi. Ukiwa kizimbani lazima uitaje, uionyeshe na uiombe mahakama iipokee kama kielelezo. Nimeona mtu ana bahasha nene magotini, anaeleza kila kitu vizuri, anashuka na bahasha yake.

Wito ukikufikia, upokee. Kuukimbia hakuzuii chochote. Kesi itasikilizwa upande mmoja na utaletewa matokeo. Kwenye madai ya Mahakama ya Wilaya kwenda juu una siku 21 za kujibu kwa maandishi.

Uliza kama tarehe uliyopewa ni ya kutajwa au ya kusikilizwa. Ya kutajwa haina ushahidi, mnapangiwa tarehe nyingine tu. Mashahidi wamesafirishwa, wamelala kwa ndugu, wamelishwa, kumbe kesi ni ya kutajwa. Mara ya pili wanakataa kuja, na ndiyo ilikuwa ya kusikilizwa. Mashahidi wenyewe wala hawahitaji kuwa msururu. Sheria ya Ushahidi haina idadi inayotakiwa, mmoja anayeaminika anatosha.

Halafu maswali ya dodoso. Shahidi wa mwenzako akisema jambo zito la uongo, usitikise kichwa, muulize. Ukinyamaza, mahakama inaweza kuhesabu kwamba umelikubali, na hata ukija kulikana kwenye ushahidi wako utakuwa umechelewa. Daftari na kalamu ni kwa ajili hiyo: andika kila unachokipinga, zamu yako ikifika ushuke nacho kimoja kimoja.

Sasa rufaa. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo shangazi yangu alipozama.

Alipinga mtu aliyeteuliwa kusimamia mirathi ya kaka yake, akashindwa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu akasoma uamuzi, akamwambia ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 30. Pale dirishani kwa karani akaambiwa asubiri nakala ya hukumu, bila nakala atakata rufaa na nini? Akasubiri. Akawa anakwenda kila wiki, anaambiwa bado haijachapwa, njoo Jumatatu. Alipoipata, yenye muhuri na kila kitu, siku 30 zilikuwa zimekwisha. Hakushtuka, kwa akili yake muda ulikuwa unaanza siku aliyoshika karatasi. Akapeleka rufaa Mahakama ya Wilaya.

Wakili wa upande wa pili hakugusa mirathi hata kwa neno moja. Alileta pingamizi la awali: rufaa iko nje ya muda. Kisheria alikuwa sahihi. Rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo haihitaji kuambatishwa nakala ya hukumu. Kanuni zake, za mwaka 1964, zinataka hati ya rufaa yenye sababu zako, na sababu unaweza kuziandika kwa kuwa ulikuwepo hukumu ikisomwa. Huyo wa dirishani hakutunga. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya nakala inatakiwa kweli, na siku za kuisubiri kama uliiomba zinatolewa kwenye hesabu. Alichanganya ngazi, basi. Rufaa ya shangazi ikatupwa.

Kilichofuata ndicho watu hawakijui. Ilibidi afungue maombi ya kuongezewa muda, na huko huulizwi kama una haki, unaulizwa ulikuwa wapi. Unatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, siku kwa siku, kwa vithibitisho. "Nilikuwa naumwa" bila karatasi ya hospitali ni hadithi. "Niliambiwa nisubiri" bila jina wala maandishi, hali kadhalika. Zile safari zake zote hakuwa na hata barua moja ya kuomba nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maombi yakakataliwa. Msimamizi akaendelea na kazi yake, na hoja za shangazi juu ya mirathi hazijawahi kusikilizwa na hakimu mwingine mpaka leo.

Kwa hiyo siku hukumu inaposomwa, andika tarehe hapo hapo na uulize: hesabu yangu ni ipi? Maana hazifanani. Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, 45. Madai yaliyoanzia Wilaya kwenda Mahakama Kuu, 90. Jinai iliyoanzia Wilaya, aliyetiwa hatiani anatoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na hati ya rufaa ndani ya 45. Nakala iombe kwa barua siku hiyo hiyo, ubaki na kopi yenye muhuri, hata pale unapojua huihitaji.

Ukishinda nako usilale. Hukumu haijilipi. Unarudi kuomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, na dalali wa mahakama anataka kuonyeshwa mali. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaikinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, kwa hiyo kabla hujashtaki mtu chunguza ana nini zaidi ya hiyo nyumba.

Mawakili vishoka wanazurura nje ya majengo ya mahakama. Wakili halali ana jina kwenye orodha rasmi ya mawakili, liulizie. Kama huna hela, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na hao hawatakiwi kukudai malipo. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ajili ya "kusukuma faili". Usijibizane na mwenzako koridoni wala usimpigie shahidi wake simu, na yako izime kabla hujaingia. Mambo ya kesi usiyaweke kwenye magrupu ya WhatsApp, yanachapishwa na kuletwa mezani. Ukibadilisha namba ya simu, waarifu mahakamani kwa maandishi, na stakabadhi zote tunza, hata za ada ndogo.