Matembezi ya Siku Moja Nairobi na Viungani Mwake: Namna ya Kuyapanga na Jamaa na Marafiki

Mkazi wa Nairobi anaweza kuamka kitandani mwake, akatazama kifaru porini, akapita katika msitu wa asili au akasimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na bado akala chajio nyumbani. Licha ya ukaribu huo, matembezi mengi ya jamaa na marafiki huishia katika lawama, na mara nyingi chanzo ni kimoja: mpangaji amebana sehemu tatu au nne ndani ya siku moja, kisha nusu ya siku ikaliwa na msongamano wa magari katika Barabara ya Lang'ata. Maelezo haya yanashikilia kwamba siku moja itengewe mahali pamoja, na kwamba mahali hapo pachaguliwe kwa kumtazama yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote.

Orodha ya watu kwanza, mahali baadaye

Kabla ya kutaja jina la bustani au mlima wowote katika kikundi cha WhatsApp, andika majina ya wanaokuja, na pembeni ya kila jina uandike umri na jambo lolote linaloweza kuwazuia kutembea. Kama yumo nyanya anayelalamika magoti, au mtoto wa miaka mitatu ambaye atataka kubebwa baada ya robo saa, basi Milima ya Ngong imekwisha kujiondoa yenyewe, hata vijana waisifu namna gani. Afadhali vijana waipange Ngong siku yao wenyewe kuliko ukoo mzima kugawanyika njiani, kundi moja likiwa juu kileleni na jingine limekaa langoni likihesabu dakika.

Kwa wazee na watoto wadogo, Arboreta ya Nairobi, yaani bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu, ni mahali pa kuanzia. Eneo lake ni takriban ekari 75, njia zake si ngumu, na vivuli vyake vimetosheleza vizazi kadhaa. Tandika leso, waache watoto wakimbie, na usiwe na ratiba nyingine.

Makumbusho ya Taifa yaliyoko Museum Hill huwafaa watu wa umri wote, hasa siku ya mvua. Uani imesimama sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970 na ambaye alikufa mwaka 1974. Ndani zimo habari za Kijana wa Turkana, kiunzi cha mifupa chenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, kilichogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Usijaribu kusoma kila kibao. Chagua vyumba viwili au vitatu, na umwache mtoto akuulize maswali badala ya kumburuta kutoka kioo hadi kioo.

Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani ya mjini, hayasifiwi inavyostahili. Yalifunguliwa mwaka 1971, na humo limehifadhiwa behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900, alipokuwa amekuja kumvizia simba huyohuyo. Babu anayejua kusimulia akisimama mbele ya behewa hilo, wajukuu hawatahitaji mwongozaji mwingine.

Karura

Kama kundi lako limechanganyika, yaani wapo wanaotaka kutembea sana na wapo wanaotaka kukaa, chagua Msitu wa Karura. Una zaidi ya hekta 1,000 na njia zenye vibao katika njia panda, hivyo kundi linaweza kuachana na kukutana tena bila mtu kupotea. Kwa matatu, shuka kwenye lango la Barabara ya Limuru ukitumia gari la Ruaka au la Banana, yaani namba 107 au 106. Lango jingine liko upande wa Barabara ya Kiambu. Baiskeli hukodishwa ndani, na vijana wenye nguvu wapewe nafasi hiyo mapema ili wasiwasukume wazee kwa mwendo wao.

Njia inayopendwa zaidi ni ile ya kuelekea kwenye maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichamo. Mteremko wa kushukia mtoni huwa na utelezi baada ya mvua, kwa hiyo viatu vya raba vyenye nyayo zilizokwisha vibaki nyumbani. Ukifika kwenye maporomoko, waambie watoto jambo moja la historia: msitu huu ulikuwa unamegwa na kugawiwa wastawishaji wa majengo, na mnamo Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokuja kupanda miti kupinga unyakuzi huo. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtoto aliyesikia hayo akiwa amesimama chini ya miti yenyewe huyashika kuliko akiyasoma darasani.

Kuhusu chakula, jihadhari na kima. Mnyama huyu hukaa kimya juu ya tawi, akiwatazama mkifungua vyombo, na hushuka wakati uleule mama anapogeuka kumfuta mtoto pua. Ndizi huondoka kwanza, kisha mkate. Weka chakula katika kikapu chenye kifuniko, kifunguliwe pale tu watu wote wamekwisha kuketi, na usimruhusu mtoto kumrushia kima kipande cha chapati kwa huruma, kwa maana hapo ndipo kundi zima litakapoitwa. Tahadhari hii inahusu pia City Park, huko Parklands, ambako kima wamezoea watu kupita kiasi. Ukienda City Park, tenga muda wa kutembelea kaburi la Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965, na bustani ya kumbukumbu ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais.

Milima ya Ngong

Hapa ni pa wenye mapafu. Kilele kinafikia mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na ingawa Nairobi yenyewe iko juu, mtu aliyekaa ofisini wiki nzima atauhisi mwinuko huo katika kupanda kwa kwanza tu. Panda matatu namba 111 hadi mji wa Ngong, kisha bodaboda au teksi hadi kwenye lango, karibu na mitambo mikubwa ya upepo. Njia hupanda na kushuka kutoka kilele hadi kilele, na kuivuka safu yote hadi Kona Baridi huchukua mwendo wa saa nne au tano kwa watu wasio na haraka. Upande mmoja utaliona jiji, na upande wa pili ardhi inadidimia ghafla kuelekea Bonde la Ufa.

Si lazima mfike mwisho. Nionavyo mimi, kundi lenye watoto wa shule ya msingi lipande vilele viwili, likae chini, lile, kisha lirudi kwa njia ileile, kwa sababu anayevuka hadi Kona Baridi hujikuta upande wa pili akiwa amechoka, na usafiri wa huko ni wa kubahatisha iwapo hakupanga gari la kumpokea. Wanaokusudia kuvuka safu yote waulize langoni kuhusu kusindikizwa na askari wa msitu, na wasitembee wawiliwawili katika sehemu za mbali. Upepo wa juu ni mkali hata jua linapowaka. Kofia isiyo na kamba itaishia bondeni, na sweta iliyoachwa nyumbani itakumbukwa kwenye kilele cha kwanza.

Wanyama bila gari, au kwa gari

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba 117. Wamo simba, vifaru, nyati na twiga, lakini hakuna tembo, na ni vyema kuwaambia watoto jambo hilo kabla hawajaanza kuuliza kila dakika tembo yuko wapi. Mwenye gari aingie alfajiri, milango inapofunguliwa, kwa maana ifikapo saa nne simba amekwisha kujilaza kichakani. Ndani ya mbuga muone pia mahali pa kuchomea pembe za ndovu: Rais Moi alichoma tani 12 hapo mwaka 1989, na mwaka 2016 zikachomwa zaidi ya tani 100.

Asiye na gari asihuzunike. Kando ya lango kuu la Lang'ata kuna Safari Walk, ambako mtu hutembea kwa miguu, kwa sehemu juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, akiwatazama wanyama kwa utulivu. Kwa mtoto mdogo napendekeza hiyo kuliko kumfungia garini kwa muda wa saa tano akisubiri mnyama aliye mbali. Kituo cha Twiga kiko katika mtaa huohuo wa Lang'ata, nao ushawishi wa kuviunganisha viwili kwa siku moja ni mkubwa. Uukatae, isipokuwa mna gari lenu na hakuna mtoto anayelala mchana.

Nje kidogo ya jiji

Barabara ya kuelekea Mai Mahiu inawafaa wanaotaka kuona mandhari bila kutembea. Simameni kwenye vituo vya kutazamia bonde, ambako wachuuzi huuza ngozi za kondoo na kofia za manyoya, kisha mteremke hadi kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakijenga barabara hiyo. Malori ni mengi na ukungu wa asubuhi ni mzito, kwa hiyo dereva awe mtu asiyepigwa kelele na abiria wake.

Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, ina mashoka ya mawe yaliyoachwa palepale yalipofukuliwa, katika eneo ambalo Mary na Louis Leakey walianza kulichunguza miaka ya 1940. Ni kwenye joto kali. Nendeni kwa gari lenu na maji ya kutosha, na mpange kuondoka huko kabla ya adhuhuri.

Fedha, usafiri na vyombo

Mchango ukusanywe kwa M-Pesa siku kadhaa kabla ya safari, upokewe na mtu mmoja, na orodha ya waliolipa iwekwe wazi kikundini. Anayesema "nitalipa tukifika" ahesabiwe kuwa haji, mpaka alipe. Viingilio vya hifadhi za serikali hulipwa kwa kiasi kikubwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, navyo hubadilika. Angalia bei usiku wa kuamkia safari na ulipe ukiwa nyumbani, kwa sababu kusimama langoni na watu kumi huku mtandao unasuasua ni mwanzo mbaya wa siku. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, kwani bei ya raia na ya mgeni si moja.

Kundi la watu wanaozidi wanane lifikirie kukodi matatu ya abiria 14. Kabla ya kulipa arubuni, mkubaliane na mwenye gari kwa maandishi juu ya saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nani atanunua mafuta, na dereva atakula wapi. Hilo la chakula cha dereva hudharauliwa, lakini dereva mwenye njaa saa tisa alasiri hatamsubiri shangazi amalize kupiga picha.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Kwa hiyo pilau iende ndani ya hotpoti, chai ndani ya chupa ya chai, maji katika chupa za chuma, na kila mmoja abebe kikombe chake. Chapati zilizokunjwa ndani ya kitambaa na mayai ya kuchemsha huvumilia safari kuliko kachumbari, ambayo ikatwe huko huko.

Majira nayo yana neno lake. Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei na zile fupi kati ya Oktoba na Desemba. Julai na Agosti ni baridi, na milima huweza kufunikwa na ukungu hadi saa tano. Januari na Februari ndiyo miezi ya kupanda Ngong.

Isipokuwa mnawahi mbugani alfajiri, ondokeni nyumbani saa moja asubuhi na muanze kurudi saa tisa alasiri, hata kama wengine wananung'unika kwamba ndipo wanaanza kufurahi. Jumapili jioni nauli kutoka Ngong na Rongai hupanda mara tu mawingu yanapotanda, na mwenye watoto wawili waliolala hana nguvu ya kubishana na makanga. Salio la mchango litangazwe usiku huohuo, pamoja na picha za risiti, na lirudishwe kwa kila mtu au libakishwe kwa safari ijayo kwa idhini ya wote.