Namna ya kuandaa maoni kuhusu muswada wa vibali vya kazi vya wageni

Muswada wa ajira za wageni unapofika Bungeni Dodoma, maneno mengi huishia kwenye ukubwa wa adhabu: faini iwe milioni ngapi, kifungo kiwe miaka mingapi. Ni mambo ya kuyasemea, lakini faini kubwa iliyoandikwa vibaya haimtishi mwajiri yeyote. Maelezo haya ni kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, maofisa rasilimaliwatu na waandishi wa habari wanaotaka maoni yao yafanyiwe kazi na Kamati ya Bunge inayouchambua muswada, yasiishie kupokelewa na kuwekwa kwenye faili.

Anza na sheria mama

Muswada wa marekebisho hausomeki peke yake. Utakuta umeandikwa kwamba maneno fulani katika kifungu fulani yafutwe na yawekwe mengine. Bila sheria mama, yaani sheria inayorekebishwa, pembeni hutajua kinachobadilika. Kwa Tanzania Bara, sheria hiyo ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015, ambayo sasa ni Sura ya 436. Ndiyo iliyomkabidhi Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali vya kazi na kuvigawa katika madaraja A hadi E.

Hakikisha pia nakala yako ina marekebisho yote. Mwaka 2021 ukomo wa jumla wa kibali uliongezwa kutoka miaka 5 hadi 8, na badiliko hilo lilipitia Sheria ya Fedha. Anayesubiri muswada wenye jina la ajira za wageni atapitwa. Muswada wa Sheria ya Fedha wa kila Juni usomwe wote, mpaka sehemu za mwisho zinazorekebisha sheria nyingine.

Kuna mkanganyiko unaoharibu maoni mengi mazuri. Kibali cha kazi si kibali cha ukaazi. Cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Uhamiaji ni jambo la Muungano, ajira siyo. Kwa hiyo Sura ya 436 haifanyi kazi Zanzibar, ambako kuna sheria yake ya ajira. Vilevile, amri ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ukarabati wa simu na uwakala wa fedha kwa simu, ilitolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Ukiilalamikia mbele ya Kamati inayojadili vibali vya kazi, utaambiwa haimo kwenye muswada, na dakika zako zitakuwa zimekwisha.

Jipange kwa siku

Kwa utaratibu wa kawaida muswada hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Ukija kwa hati ya dharura, nafasi hiyo haipo. Baada ya kusomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye Kamati, na hapo ndipo wadau huitwa kutoa maoni. Mwaliko huo mara nyingi huja zimebaki siku chache tu, kwa hiyo anayeanza kuandika baada ya kuuona amechelewa. Andika rasimu yako tangu muswada unapochapishwa.

Barua iende kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, ikitaja jina kamili la muswada. Kurasa tatu au nne zinatosha. Kumbuka kwamba ndani ya muswada vipengele huitwa ibara. Huwa vifungu muswada ukishakuwa sheria. Ukichanganya, Kamati italazimika kukisia unazungumzia nini, na haina muda huo.

Ibara ya adhabu: piga hesabu

Sheria ya 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 2 na kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ibara ya namna hii isome ukiwa na kalamu, kwa maswali manne.

La kwanza: faini inahesabiwa kwa kosa zima au kwa kila mgeni? Chukua kiwanda kilicholeta waendesha mitambo kumi bila vibali. Kikishtakiwa kwa kosa moja na kutozwa milioni 10, hiyo ni milioni 1 kwa kila mtu. Kama walifanya kazi miezi 12 kabla ya ukaguzi, ni kama shilingi 83,333 kwa mtu kwa mwezi. Linganisha na ada za kibali cha kazi na cha ukaazi kwa mtu mmoja. Faini ikiwa chini ya ada, kuvunja sheria kunakuwa nafuu kuliko kuifuata. Hesabu hii iwekwe kwenye maoni yako, tarakimu zote. Hotuba ya uzalendo haifiki mbali kama mstari mmoja wa hesabu.

La pili: nani anafungwa? Kampuni haiingii gerezani. Kama ibara haimtaji mkurugenzi au meneja aliyejua na akaruhusu, kifungo kinabaki maandishi. La tatu: wakala aliyeleta wafanyakazi na mkandarasi mkuu wanaguswa, au ni yule tu aliyesaini mkataba?

La nne husahauliwa sana: mshahara wa mgeni mwenyewe. Mahakama ya Kazi imewahi kuamua kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali hauna nguvu kisheria. Matokeo yake, mwajiri mbaya ana faida ya kumnyima mtu kibali, amtumikishe, kisha amtishie kumripoti anapodai malipo. Pendekeza mshahara wa kazi iliyokwisha kufanyika ulipwe hata kama kibali hakikuwepo. Mtanzania naye analindwa hapo, kwa sababu mgeni asiyeweza kudai chochote ndiye rahisi kuliko wote kuajiri.

Pendekezo liandikwe kama marekebisho

Usiandike “adhabu iongezwe makali.” Andika maneno yanayoweza kunakiliwa. Mfano, tuseme ibara inasomeka: “Mwajiri atakayeajiri mgeni asiye na kibali atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni kumi.” Pendekezo lako liwe: “Ongeza maneno ‘kwa kila mgeni aliyeajiriwa’ mara baada ya neno ‘kumi’.” Chini yake weka sababu kwa sentensi mbili, pamoja na ile hesabu.

Fanya hivyohivyo kwenye mpango wa kurithisha ujuzi, ambao sheria inamtaka mwajiri wa mgeni awe nao. Udhaifu wake ni pale mpango unapobaki karatasi ya kuombea kibali. Pendekeza mpango wenyewe utaje cheo cha Mtanzania anayeandaliwa, tarehe ya kushika nafasi, na kwamba kibali hakiongezwi muda bila taarifa ya utekelezaji.

Usipendekeze tozo mpya wala kuongeza ada. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kodi na matumizi ya fedha za umma yasiyotoka kwa Rais kupitia Waziri, na pendekezo la namna hiyo linaweza kuondolewa kabla halijajadiliwa. Viwango vya faini kwa makosa ni jambo jingine, hivyo viseme.

Tafuta mbunge

Raia hawezi kuleta marekebisho ukumbini. Kamati ikilikataa pendekezo lako, njia iliyobaki ni mbunge aliyewasilisha jedwali la marekebisho, yaani orodha ya maneno anayotaka yabadilishwe, kwa ajili ya Kamati ya Bunge Zima, ambapo wabunge wote huupitia muswada ibara kwa ibara. Mpe mbunge maneno yaleyale yaliyokamilika pamoja na sababu za kusoma chini ya dakika mbili. Wengi wanapeleka malalamiko kwa mbunge usiku wa mwisho wakidhani ataandika mwenyewe. Hawezi, kwa sababu jedwali lina muda wake wa kuwasilishwa kwa Katibu.

Muswada ukipita, chukua Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge ya siku hiyo uone ibara ipi ilibadilishwa na Waziri aliahidi nini kuhusu kanuni. Usimwambie mwajiri wala mfanyakazi kwamba sheria imeanza mpaka uione tarehe ya kuanza kutumika kwenye Gazeti la Serikali. Ile ya 2015 ilipitishwa Bungeni Machi, ikaanza kutumika tarehe 15 Septemba.