Samaki Wako Amezaa? Usimwage Maji ya Tenki

Kila mwaka ikifika Juni, simu za wafugaji wa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai, zinaanza. Anayepiga yuko Uyole, au Njombe mjini, au Mafinga, na maneno ni yale yale: "Afisa, gapi wangu alizaa jana usiku, leo mchana vifaranga vyote vimekufa. Huu ni ugonjwa gani?" Nami namuuliza swali moja tu: ulibadilisha maji? Anakaa kimya kidogo, kisha ananijibu kwamba ndiyo, aliyamwaga yote akaweka masafi.

Basi si ugonjwa. Vifaranga vimeuawa na yale maji masafi.

Habari za kumtambua jike mwenye mimba na kuwatenga wazazi wasile watoto wao mnazijua, sitazirudia. Nataka tuzungumzie maji, kwa sababu huku nyanda za juu ndiko kosa hili linakoua kuliko mahali pengine. Mfugaji wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, akikosea hivi anaweza kupona na vifaranga kadhaa. Mbeya mjini tuko mita 1,700, Njombe ni juu zaidi. Huku hakuna kupona.

Julai iliyopita niliingia nyumba moja Uyole saa nne asubuhi. Gapi alikuwa amezaa usiku, vifaranga zaidi ya 30. Mama mwenye nyumba aliamka saa kumi na mbili, akaona maji yana ukungu kidogo, akasema watoto hawawezi kukaa kwenye uchafu. Akawatoa wote kwenye beseni, akamwaga lita 60, akasugua kioo, akaosha sponji ya chujio chini ya bomba hadi ikawa nyeupe, kisha akajaza tenki na kuwarudisha. Nilikinga maji ya bomba lile lile kwenye kikombe na kutumbukiza kipimajoto: digrii 14. Hita yake ilikuwa imewekwa digrii 26. Vifaranga vilikuwa vimelala ubavu juu ya changarawe, vyeupe, vimejikunja kama vipande vya kucha zilizokatwa. Mama wa watu alikuwa analia, maana alifanya yote yale kwa mapenzi.

Mapigo yalikuwa matatu kwa mkupuo. La kwanza ni baridi. Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji. Samaki mkubwa hupoa polepole, lakini kifaranga cha gapi kina urefu wa milimita 6 au 7 tu, kwa hiyo kinapoa papo hapo kikitiwa majini. Kumtoa digrii 26 na kumtumbukiza 14 ni ukatili hata kama hukukusudia. Mzazi wa Makete hamwogeshi kichanga maji ya bomba alfajiri, sasa kwa nini kichanga cha samaki? La pili ni klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu. Inaunguza mashavu ya samaki, na mashavu ya kifaranga ni membamba kuliko karatasi. La tatu ni sponji. Mle ndani wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, yaani sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Ukiiosha kwa maji ya klorini unawaua, na hata kifaranga kilichoponea baridi kitakufa kwa amonia siku chache baadaye.

Sasa shikeni vipimo. Naomba visikadiriwe kwa macho.

Siku samaki anapozaa na siku inayofuata, usiguse maji. Ukungu mdogo unaotokea baada ya kuzaa hauui. Kuanzia siku ya tatu, toa sehemu moja ya kumi kila baada ya siku moja. Tenki la lita 60 maana yake ni lita 6, basi. Yavute kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa ambao mdomo wake umeufunga kipande cha soksi ya nailoni, la sivyo utavuta na watoto. Soksi hiyo hiyo ivalishwe mdomo wa chujio kama chujio lako linavuta kwa nguvu.

Maji ya kujazia yakingwe siku moja kabla, kwenye ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni, yakae wazi saa 24 ili klorini itoke. Ndoo ilale jikoni, isilale barazani. Kesho yake, saa nane mchana nyumba ikiwa imepata joto, ndipo unabadilisha. Alfajiri hapana, na usiku wa manane hapana. Kama maji ya ndoo yanasoma digrii 15, chukua lita 5, uongeze mililita 800 za maji yaliyotoka kuchemka, ukoroge, kisha upime. Utapata 25 hivi, na ndoo yenyewe inakunywa joto kidogo. Kama maji yako yako juu au chini ya hapo, ongeza ya moto kidogo kidogo ukipima. Tofauti kati ya ndoo na tenki isizidi digrii 1. Halafu usiyamimine. Yateremshe kwa mpira uliofungwa fundo, yadondoke kwa muda wa nusu saa.

Na hili nalisema kwa ukali: kidole si kipimajoto. Asubuhi ya Julai mkono wako umekufa ganzi kwa baridi, maji ya digrii 19 utayaona ya uvuguvugu. Nimeona watu wenye tenki la kioo la bei, taa za rangi na mawe ya mapambo, kipimajoto hawana. Kanunue kwanza kipimajoto.

Sponji isuuzwe ndani ya maji uliyoyatoa tenkini, ikamuliwe mara mbili tatu, ibaki na rangi yake ya kahawia. Ile kahawia ndiyo mali.

Wapo wanaokosea kwa njia nyingine inayofika pale pale: wanahamishia vifaranga kwenye jagi la lita 2 na kuliweka dirishani. Jagi linapoa mara moja jua likizama. Viache humo humo tenkini, nyuma ya wavu au ndani ya kisanduku kinachoelea, joto liwe moja.

Tenki la lita 60 kwenye vyumba vyetu vya baridi lipate hita ya wati 100. Umeme ukikatika usiku, lizungushie blanketi, kisha elea chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya digrii 60 hivi. Yakiwa yanachemka chupa itajikunja. Chupa moja hupandisha joto kama digrii 1, kwa hiyo andaa tatu na uzipokezane. Pampu ya hewa nayo imezimika, basi chota maji kwa kikombe na kuyarudisha taratibu, upande usio na watoto. Jiko la mkaa usiingize chumbani ukafunga mlango ili kupasha tenki. Hewa ya mkaa inaua watu, na hilo halina mjadala.

Chakula nakitaja kwa sababu ndicho kinachowatia watu tamaa ya kumwaga maji. Kiini cha yai la kuchemsha kilichokamuliwa kwenye kitambaa, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, kinatosha vifaranga 30 kwa mlo mmoja. Milo mitatu kwa siku. Baada ya dakika 10 vuta kilichobaki chini, maana yai likioza humo amonia hupanda hata kama sponji yako ni nzima.

Wanaofuga mbuna, wale samaki wa rangi walioletwa kutoka Ziwa Nyasa, wasidhani haya hayawahusu. Jike wa mbuna hubeba watoto mdomoni wiki tatu hivi, na ukimshtua kwa maji baridi anaweza kuwatema kabla ya wakati au kuwameza.

Mambo yakienda sawa utaviona vinatoka mafichoni vyenyewe na matumbo yamejaa. Viache mpaka vifike sentimita 1.5 au mdomo wa mkubwa kuliko wote tenkini usiweze kuvimeza, kawaida wiki sita hadi nane, ndipo utoe wavu. Siku hiyo nayo maji yasiguswe.